Popoo ya Kumi na Moja

Jalpaiguri,
19 Oktoba 1975

Shikamoo Mjomba,

Mama Durga, mungu wa sikukuu yetu, amekwisha kwenda zake mtoni, ngoma zimenyamaza, na mimi ndiyo kwanza napata wasaa wa kushika kalamu. Nagusa miguu yako na ya Mkazamjomba kama ilivyo ada baada ya sikukuu. Kwa vile miguu iko Kalkuta na mikono yangu iko huku, ipokee heshima hii kwa njia ya posta.

Sisi hatujambo. Parimal bado yuko kwenye ile ofisi ya shamba la chai, analalamika kama kawaida, na ananenepa kama kawaida. Bonasi ya sikukuu ilipotoka nilidhani nitapata sari. Akarudi na redio! Kubwa, ya mbao, ina mlio kama mtu kaketi nawe sebuleni. Nilinuna siku mbili, ya tatu nikasahau.

Mama mzima. Vidonge vya nazi na sukari guru vimetengenezwa mwaka huu kwa mikono yangu, yeye akiniamuru kutoka kwenye kiti. Ananituma nikusalimu na nikuambie kwamba yeye ni mkubwa wako kwa miaka sita, kwa hiyo usijifanye mzee.

Sasa lililonikalisha. Tangu redio iingie, mtaa wetu wa wakimbizi umegawanyika pande mbili kwa sababu ya watangazaji wa kriketi. Mzee Haripada wa nyumba ya jirani anaapa kwamba hajazaliwa mtangazaji kama Hiranmoy Bhaduri. Mama anasema Bhaduri ni debe tupu, mtangazaji ni Tarapada Guha. Juzi walitupiana maneno juu ya ua mpaka chai ikapoa. Wewe ndiye unayeketi nao kibanda kimoja, Mjomba, kwa hiyo tumekubaliana uamue.

Kabla hujaamua, ujue namna Mama anavyowapima. Ana lile sinia la shaba la harusi yake. Katikati anaweka vijiti viwili kuwa wiketi ambazo mrushaji hulenga, karafuu mbili kuwa wapigaji, halafu popoo kumi na moja kuwa wadakaji. Mtangazaji akisema mdakaji fulani kasogea kushoto, Mama anaisogeza popoo. Akiwa na Guha, anasema, sinia linajaa lenyewe. Akiwa na Bhaduri popoo zinabaki ukingoni hazina kazi. "Bhaduri ananisimulia mawingu," anasema. "Mawingu nimeyaona miaka sitini na tano. Nataka kujua mdakaji yuko wapi!"

Haya, hakimu, tunangoja hukumu.

Mpwa wako,
Ketaki

Kalkuta,
2 Novemba 1975

Marahaba Ketaki mwanangu, uishi miaka mia.

Barua yako imefika pamoja na vidonge vya nazi, vinne vimevunjika na vilivyobaki vimeliwa na mkazamjomba wako kabla sijavua viatu. Anasema ni vitamu. Mimi sina ushahidi. Goti langu linauma, samaki wamepanda bei, tramu zimejaa, na wewe huna haja ya kuyajua haya, lakini barua bila malalamiko huonekana imeandikwa na mgeni.

Mwambie Dada kwamba ukubwa wa miaka sita haumpi mtu masikio. Mimi nimeandika alama za kriketi tangu mwaka arobaini na tisa. Mikimbio yote, wiketi zote na mipira yote iliyopotea bure imepita chini ya penseli yangu. Pale kwenye kibanda cha redio uwanja wa Eden kuna viti vitatu. Viwili vina vipaza sauti, na cha tatu kina meza, penseli na mimi. Mtangazaji akitaka kujua mtu kapiga mikimbio mingapi, ananyoosha mkono tu, hata hageuki, na karatasi yangu inakuwa imeshafika. Basi sikilizeni mtu aliyeko ndani.

Bhaduri ni mfalme. Baridi iliyopita mvua ilisimamisha mchezo dakika arobaini. Alizungumza dakika arobaini! Wauza machungwa, akina mama wanaofuma sweta jukwaani, kunguru aliyekalia paa la jukwaa la wanachama, hakurudia neno. Fundi wa mitambo aliacha kula. Ingekuwa Guha, angesema "mvua inanyesha" kisha angenyamaza mpaka ikatike. Nakubali kwamba Guha hakosei hesabu. Nakubali pia kwamba Bhaduri aliwahi kuutangaza mpira umevuka mpaka wakati mdakaji ameushika mkononi, nikamsukumia karatasi, naye akaigeuza aibu ile kuwa shairi. Hayo ni ya ndani, usimpe Haripada.

Siku hizi koo linamsumbua. Anakunywa maji ya moto na tangawizi kila ova, yaani kila mipira sita.

Lakini niambie kuhusu hilo sinia, limeanza lini? Dada hakuwa mtu wa sinia. Kule Borishal, ng'ambo ya mpaka, uani kwetu, tukicheza na mpira wa matambara, mimi nilikuwa natangaza kwa kifuu cha nazi mdomoni na yeye alisimama nyuma kabisa, ukingoni mwa kidimbwi, kwa sababu yeye tu ndiye angeweza kuufuata mpira kwenye magugu-maji asipigwe. Alikuwa akiuona mpira kabla mpigaji hajaupiga. Mtu kama huyo popoo za nini?

Mjomba wako,
Nikunja

Jalpaiguri,
20 Novemba 1975

Shikamoo Mjomba,

Hatujambo, baridi imeanza kuteremka kutoka milimani na mablanketi yametoka sandukuni yakinuka kafuri. Parimal amepandishwa cheo kidogo sana, mshahara ule ule ila kiti kina mito. Tumemchinjia kuku.

Hukumu yako imesomwa kwa sauti, barazani, mbele ya Mzee Haripada. Ulipomwita Bhaduri mfalme alisimama akapiga makofi. Mama akamngoja aketi. Halafu akasema, "Khoka anampenda Bhaduri kwa sababu Bhaduri anamhitaji. Guha hamhitaji mtu." Nisamehe Mjomba, nimeandika alivyosema. Na nisamehe pia kwamba bado anakuita Khoka mbele za watu, mtu wa miaka hamsini na tisa kuitwa kichanga. Ndivyo alivyo.

Jumamosi tulifanya jaribio la haki kabisa. Mechi moja redioni, saa moja ya Bhaduri na saa moja ya Guha, Mzee Haripada akiwa shahidi. Saa ya Bhaduri ilipokwisha popoo saba zilikuwa zimelala ukingoni. Mzee Haripada akasema, "Lakini Dada, sauti! Sauti ile ni kama supu ya dengu siku ya mvua." Mama akamjibu, "Basi inywe. Mimi nataka mchezo." Saa ya Guha popoo zote zilikuwa mahali pake, na mtu alipotolewa Mama alikuwa na kidole juu ya mdakaji kabla mpira haujafika.

Ingawa hata mimi ninayempenda Guha nakiri jambo moja: mwishoni nilikuwa najua kila kitu na sikuwa nimesisimka hata kidogo.

Sauti ya Bhaduri kweli imekwaruza. Akinyamaza huyo, nani ataingia? Niliuliza hivyo tu, kwa mazungumzo. Mama akasema, "Kiti cha tatu kina mtu." Kisha akarudi kwenye popoo zake kama hakusema neno.

Kuhusu sinia, ni mchezo tu wa kupitisha muda. Macho yake yanachoka kidogo jioni, umri huo.

Mpwa wako,
Ketaki

Kalkuta,
9 Desemba 1975

Ketaki mwanangu, marahaba.

Sisi wazima. Hongera kwa mito ya Parimal.

Nina mambo mawili. La kwanza ni langu. Daktari amemfunga Bhaduri mdomo mpaka majira ya joto. Mkuu wa matangazo, Bwana Lahiri, kijana mwenye miwani mizito, alinikuta ngazini namwelezea muuza chai jinsi wiketi ilivyoanguka na mpigaji akatolewa. Alisimama nyuma yangu, nadhani dakika tano nzima. Jana akaniita ofisini akasema, "Mzee Sengupta, mechi ya Januari dhidi ya Bihar, nataka ukae kiti cha pili. Saa moja tu. Tujaribu."

Nimekataa.

Mama yako atauliza sababu na anaijua. Mwaka ule arobaini na tisa, tulipokuwa tumetoka Borishal na sanduku moja, klabu pale viwanjani ilinipa kazi ya kutangaza alama kwa bomba la bati. Nikafungua mdomo. Hema zima lilicheka. Mtu mmoja aliyejifunga dhoti ya bei kiunoni akaniuliza kama samaki wa kwetu nao wanazungumza hivyo. Nikaweka bomba chini, nikaomba penseli. Miaka ishirini na sita Kalkuta inasoma maandishi yangu tu, na hayana lafudhi. Redio inataka Kibengali cha hapa, kilichopigwa pasi. Ninaweza kukiigiza nikiwa nimetulia, ila wiketi ikianguka sijui mdomo wangu utatoa nini. Nife nikiwa nimechekwa mara moja, mbili ni nyingi.

La pili ni lenu. Tangu uolewe, hujaniandikia barua ambayo Dada hakuongeza mstari wake mwishoni, kwa mkono wake, yale maherufi yanayolalia kulia kama watu wanaovuta ng'ombe. Hata alipoumwa homa ya tumbo aliongeza. Barua mbili sasa hakuna mstari. Vidonge vya nazi umetengeneza wewe. Popoo ziko kwenye sinia. Mimi ni mwandika alama, Ketaki, kazi yangu ni kuona kilichopungua. Niambie ukweli.

Nikunja

Jalpaiguri,
22 Desemba 1975

Shikamoo Mjomba,

Salamu zetu zote. Leo sina habari za mtaani.

Mama haoni. Jicho la kushoto lilikwenda mwaka jana, tukadhani la kulia litabaki. Mwezi wa tano tulilifanyia upasuaji, ukaingia usaha, na tangu hapo ni giza. Aliniapisha nisikuambie. Alisema, "Khoka atapanda treni na kulia behewa zima, aje hapa alie wiki nzima, na mimi nitalazimika kumbembeleza. Sina nguvu hizo." Kiapo nimekivunja wewe uliponibana, na leo nimemwambia kwamba nimekivunja. Akasema, "Ameijua kwa mstari mmoja uliokosekana? Loo! Ndugu yangu huyo!" Akafurahi, Mjomba. Alifurahi na kujivuna mchana kutwa, akawasimulia majirani.

Kwa hiyo sinia si mchezo. Anauona uwanja kwa kadiri anavyoambiwa, basi. Ndiyo maana Bhaduri anamchosha. Mawingu yake yanampita, mdakaji asiyetajwa kwake hajazaliwa.

Halafu nikamsomea habari ya Bwana Lahiri na jibu lako. Nakuandikia maneno yake yote maana alinifanya niyarudie ili ahakikishe nimeyashika:

"Mwambie alinitangazia mimi kabla ya kumtangazia mtu yeyote. Mwambie nilisimama pale kidimbwini mgongo umelowa nikimsikiliza, na nikajua kila mtu yuko wapi bila kugeuza kichwa. Guha ana hesabu, Bhaduri ana sauti. Khoka alikuwa na vyote viwili na kifuu cha nazi. Mtu mmoja mwenye dhoti alicheka, sasa miaka ishirini na sita mimi nisimsikie ndugu yangu? Yule mwenye dhoti ameshakufa huko! Mwambie mwacha asili ni mtumwa. Na mwambie hivi: akija huku kunililia nitamfungia mlango. Akitaka kunifaa, aketi kwenye kile kiti aniambie wadakaji wamesimama wapi."

Alipomaliza nikamfunika shali.

Jibu usikawie.

Ketaki

Jalpaiguri,
18 Januari 1976

Shikamoo Mjomba!

Karibu mwezi mzima hukuandika neno. Kila siku Mama aliuliza kama tarishi amepita, na kila siku nilisema hajapita, mpaka akaacha kuuliza. Nilikuwa nimekukasirikia hasa. Nilimwambia Parimal, Mjomba ameogopa, basi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema, lakini ungeniandikia walau kadi moja, ningekuwa nimepika kitu!

Sasa ngoja nikupe habari za huku, maana zako nimezisikia, na nchi nzima imezisikia.

Siku ya pili ya mechi, baada ya chakula cha mchana. Mama mkekani, sinia mbele yake, miguu kaifunika. Mzee Haripada kwenye kigoda, mimi nachambua mchele. Guha akamaliza saa yake akasema, "Sasa namwachia kipaza sauti mwenzangu," na kabla hajataja jina mtu akakohoa. Kikohozi kimoja tu. Mama akanishika mkono mpaka bangili zikaniuma.

"Khoka huyo," akasema.

Ndipo likatajwa jina lako lote, Nikunjabihari Sengupta. Mchele wote nikaumwaga.

Nitasema kweli, Mjomba. Ova mbili za mwanzo ulitutia hofu. Ulizungumza Kibengali cha kwenye vitabu vya shule, polepole, kila neno limenyooshwa. Mama akakunja uso. "Mbona anatembea na viatu vya kuazima?" Mzee Haripada naye akanong'ona kwamba Bhaduri angalau angetaja jua. Nikamkata jicho.

Halafu ukaanza kuwapanga wadakaji. Mrushaji anakuja kutoka upande wa uwanja ulio karibu na Mahakama Kuu, ukasema. Mlinda wiketi amechuchumaa hatua kumi na mbili nyuma. Wawili kuliani kwake, bega kwa bega. Mmoja karibu mno na mpigaji, anaweza kumwomba kiberiti. Ukaenda hivyo mmoja mmoja, na vidole vya Mama vikaenda nawe. Sijawahi kuona sinia likijaa haraka vile, hata kwa Guha. Tena tukajua ni nani anayefuta jasho, nani anatazama jukwaani badala ya kutazama mpira, nani nahodha anamwita mara ya tatu naye hasikii. Mama akaanza kucheka. "Huyo mvivu nitamweka hapa," akasema, "nimwone vizuri."

Popoo kumi zikakaa. Ya kumi na moja ikabaki kwenye kiganja chake. Akaisubiri. Hukuisema. Akanong'ona, "Mmoja bado, Khoka, mmoja bado," lakini mrushaji alikuwa ameshaanza kukimbia.

Mpigaji wa Bihar, yule mnene aliyekuwa anatutesa tangu asubuhi, akauzungusha ubao wa kupigia kwa nguvu zote. Ukasema mpira umegusa ukingo wa ubao na umepaa juu, nyuma, juu ya vichwa vya wote, unakwenda mbali. Mama akapapasa sinia upande ule wa nyuma. Patupu. "Hakuna mtu huko!" akapiga kelele. "Khoka, huko hakuna mtu!"

Na hapo wewe ukavua vile viatu. Ukapiga ukelele kwa lugha ya kwetu, ya Borishal, ya uani, kama vile hakuna redio duniani: "Rudi nyuma! Rudi, rudi, usitazame maji! Daka, we! Daka! Kadakaaa!"

Maji gani, Mjomba? Pale Eden kuna maji gani?

Mama alikuwa amesimama. Sijui alisimama lini. Popoo ameishika juu mkononi, sinia limepinduka, wadakaji wote wako chini ya kitanda. Mzee Haripada, mshabiki wa Bhaduri miaka kumi, analia na kujipiga mapaja. Nje watu wakaanza kuitana. Huu mtaa wetu wote ulitoka ng'ambo ile, wengine kutoka wilaya ile ile, na hakuna aliyewahi kusikia maneno ya nyanya yake yakitoka ndani ya redio. Mke wa fundi cherehani alikuja mlangoni mikono imejaa unga akauliza, "Ni wetu huyo? Ni wetu?" Mama akamjibu, "Ni wangu."

Tulikusikia ukivuta pumzi, na mimi nikasema kimoyomoyo, ameshtuka, sasa atarudia kile cha vitabuni. Hukurudia. Ulimaliza saa nzima kwa lugha yetu, kila mdakaji mahali pake.

Jioni, sinia lilipookotwa, nikamwomba Mama hukumu. Akaifikiria kwa haki, nakuhakikishia, maana alikunywa chai yote kwanza. Hukumu yake ni hii. Wa kwanza Tarapada Guha. Wa pili wewe. Wa tatu Bhaduri, apone koo.

Nikapandwa na hasira. "Mama! Wa pili?"

"Wa pili," akasema. "Guha hajawahi kunitoa machozi. Leo machozi yalinijaa hata sikuliona sinia."

Alisema hivyo hivyo, Mjomba, na hakuna aliyecheka mpaka alipocheka mwenyewe.

"Na tena," akasema, "alimsahau mtu mmoja. Guha hasahau mtu." Nikamwambia sasa si unajua alikuwa wapi, mpira si aliudaka yeye, mweke tu. Akakataa katakata. Ameniamuru nikutumie popoo yenyewe. Imo humu ndani, nimeifunga kwa kitambaa. Anasema mtangazaji aliyemsahau ndiye amweke, na anataka kujua kwa nini mtu anayeona kilichopungua katika barua hakuona kilichopungua uwanjani.

Mpwa wako anayejivuna hadi majirani wamemchoka,
Ketaki

Kalkuta,
30 Januari 1976

Ketaki mwanangu, marahaba, na Dada yangu, shikamoo.

Hii msomee yeye, yote, usiruke.

Dada, goti langu halijambo. Mke wangu anawasalimu, ameanza kuniita "redio" na kuniamuru nizime. Nisamehe kwa mwezi ule wa kimya. Nilipopata barua ya Ketaki nilikwenda moja kwa moja stesheni ya treni kukata tiketi ya kuja kulia, kama ulivyotabiri. Nikasimama kwenye foleni. Mbele yangu kulikuwa na watu wanne. Walipobaki wawili nikatoka, nikaenda kwa Lahiri. Sikuandika kwa sababu kama ningeandika ningekuwa nimeahidi, na kama ningeahidi nisingeweza kulala.

Kuhusu kilichofuata, kituo kimepokea kadi za posta arobaini na moja. Tisa ni za matusi, zinauliza nani kamruhusu mtu wa ng'ambo kubomoa lugha hewani. Thelathini na moja zinataka kujua nitazungumza tena lini. Moja imetoka kwa mzee wa Asansol aliyeandika neno moja tu, "Borishal", na chini yake jina lake. Lahiri amezibandika zote ukutani, na za matusi pia. Guha, huyo wako asiyemhitaji mtu, alinisubiri nje akanipa mkono. Akasema, "Sengupta, nilikuwa nimeketi kando yako, uwanja ninauona, na bado nilifumba macho." Kisha akaongeza kwamba niliwataja wadakaji kumi. Mnafanana, wewe na yeye.

Nafasi ya pili naipokea. Nimewaambia watu wote kibandani kwamba mimi ni wa pili, na nimewaambia ni kwa hukumu ya nani.

Sasa popoo. Nimekaa nayo siku nne mfukoni nikiitafutia jibu, maana hata mimi nilijiuliza. Nimeandika alama miaka ishirini na sita, sijawahi kupoteza mtu. Daftari la siku ile nimelifungua, nimewahesabu, kumi na mmoja wapo wote. Kwa penseli sikumsahau, nilimsahau kwa mdomo.

Juzi ndipo nikaelewa. Yule kijana alikuwa amesimama nyuma kabisa ya mlinda wiketi, mbali, peke yake, karibu na uzio. Dada, uani kwetu mahali pale sikuwahi kupatangaza. Niliwataja wote kwa kifuu changu, watoto wa Chakrabarti, mapacha wa mfinyanzi, hata yule mbuzi. Pale nyuma sikupataja hata siku moja, kwa sababu palikuwa na mtu siku zote, na nilijua yuko, na nilijua mpira hautapita. Mpira ulipopaa sikumwona kijana. Niliona sari iliyofungwa kiunoni na magugu-maji nyuma yake, nikakupigia kelele usitazame maji.

Kwa hiyo popoo siwezi kuiweka mimi. Nairudisha, imo ndani ya kitambaa kile kile. Mechi ijayo ni tarehe kumi na nne, saa yangu ni ya baada ya chakula. Nitaanza na mtu wa nyuma kabla ya wote, Guha asipate la kusema.

Ila hii ya safari hii iweke wewe, Dada. Unapajua mahali.

Khoka